TUCHUNGUZE KABLA YA KUNUNUA PAMPU

Katika visiwa vyetu, hukumu nyepesi kuliko zote inayotolewa juu ya gari la dizeli ni ile isemayo kwamba pampu imekufa. Lori limezima njiani kati ya Wete na Chake Chake likiwa na magunia ya karafuu. Gari la wagonjwa limekataa kuwaka alfajiri hali mzazi amekwisha kulazwa juu ya machela. Gari la abiria limekosa nguvu na linapandwa na watu kwa huruma tu. Fundi huitwa, hufungua boneti, huzungusha stata mara mbili tatu, kisha hutikisa kichwa na kutamka maneno hayo mawili. Tangu hapo gari huingia katika safu ya yale yanayongoja, majani yakaota chini ya magurudumu yake, na karatasi ya kuomba fedha ikaanza safari yake kutoka meza moja hadi nyingine.

Hatuandiki haya kwa nia ya kuwadharau mafundi wetu, ambao wengi wao wameyaweka magari hai kwa akili zao na kwa vipuri vya kuokoteza. Tunaandika kwa sababu pampu ya dizeli ndicho kiungo cha thamani kubwa mno katika njia nzima ya mafuta, na kwa sisi wa visiwani ni kiungo kinachovuka bahari kabla ya kufika. Anayeihukumu bila ya ushahidi hutumia fedha za wananchi, au fedha za mwenye gari ambaye pengine ameuza shamba ili alinunue. Na mara nyingi, pampu mpya ikishafungwa, gari hubaki na ugonjwa wake ule ule, kwa kuwa mgonjwa hakuwa pampu.

Ili jambo hili lieleweke, hatuna budi kuanzia kwenye asili yake. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche kama injini ya petroli. Pistoni huibana hewa hadi ikawa sehemu moja ya kumi na sita, na katika injini nyingine sehemu moja ya ishirini na mbili, ya ujazo wake wa kwanza. Hewa iliyobanwa hivyo hupata joto linalopita digrii 500, na mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Rudolf Diesel, aliyepata hati ya uvumbuzi wake nchini Ujerumani na kuionyesha injini iliyofanya kazi vizuri mwaka 1897, hakuwa na pampu kama tuijuavyo sisi. Mafuta yaliingizwa kwa kupulizwa na hewa ya mtambo mwingine mzito. Ni baada ya kiwanda cha Robert Bosch kuanza kutengeneza pampu za kunyunyizia kwa wingi mwaka 1927 ndipo dizeli ilipoweza kushuka kutoka kwenye mitambo ya kusimama na meli ikaenea barabarani. Basi pampu hiyo inastahili heshima. Lakini kuheshimiwa si sawa na kusingiziwa.

Mafuta husafiri kwa njia ya namna hii. Hutoka katika tangi kwa bomba linaloingia hadi karibu na chini, hupita chini ya chesesi, huingia katika chombo cha kutenga maji na katika chujio, huvutwa na pampu ndogo ya kunyanyulia, na hatimaye hufika kwenye pampu kubwa. Kutoka hapo huingia katika mabomba membamba ya chuma hadi kwenye nozeli. Yanayobaki hurudi tangini kwa njia ya marejeo. Msomaji ataona kwamba njia hii ina pande mbili zisizofanana hata kidogo. Upande wa kwanza, kutoka tangini hadi kwenye pampu, ni wa mvuto na msukumo mdogo tu. Upande wa pili ni wa nguvu kubwa: nozeli za injini nyingi za zamani hufunguka kati ya baa 100 na 250, ambapo tairi la gari dogo halijazwi zaidi ya baa mbili na kidogo.

Sasa, upande wa nguvu umetengenezwa kwa chuma kilichosuguliwa kwa ustadi wa ajabu, wakati upande wa mvuto umetengenezwa kwa mipira, klipu, wosha na mabomba laini. Jua, chumvi na mitikisiko ya barabara zetu huushambulia upande upi kwanza? Jibu liko wazi, na ndiyo maana twastaajabu kuona uchunguzi ukianza kule kusikofikika kwa urahisi na kuacha kule kunakoonekana kwa macho.

Hapa tunaomba msomaji atulie nasi kidogo, kwani hapa ndipo penye kiini cha udanganyifu. Mpira wa maji ukitoboka, maji hutoka nje, na kila mtu ataona. Mpira wa mafuta ulioko upande wa mvuto ukitoboka, mara nyingi injini inapofanya kazi hapatoki hata tone moja. Badala yake hewa huingia ndani. Chini ya gari pakavu, klipu kavu, fundi anasema hapana tatizo. Kumbe tundu ambalo halivuji nje ndilo linalovuta hewa ndani. Na hewa ni adui mkubwa wa pampu kwa sababu moja nyepesi: mafuta hayakubali kubanwa ila kidogo sana, lakini hewa hukubali. Pampu inaposukuma, hewa hujikunja kama godoro, kisha hujikunjua, na nguvu ya kuifungua nozeli haipatikani kamwe.

Dalili zake hujulikana na kila dereva mzoefu, ingawa wachache hujua maana yake. Gari lililolala usiku kucha linawaka asubuhi kwa mafuta yaliyobaki karibu, linakwenda kwa dakika moja, kisha linazima. Au haliwaki mpaka ibonyezwe pampu ya mkono iliyo juu ya chujio mara ishirini au thelathini, ndipo likawaka na kutembea kutwa nzima bila ya lawama. Kesho yake yale yale. Hewa imeingia usiku, mafuta yamerudi tangini kama maji yanavyorudi kisimani mshipi wa ndoo ukikatika. Gari la namna hii halihitaji pampu mpya. Linahitaji mpira wa bei ndogo, au wosha, au klipu iliyokazwa vizuri.

Iko njia ya kuthibitisha, nayo ni nyepesi mno kiasi cha kuonewa haya na wanaopenda mambo makubwa. Chukua dumu safi, tia dizeli safi iliyochujwa, lifunge mahali salama juu kuliko injini, mbali na ekzosi na mbali na kila kiberiti na sigara. Ng'oa mpira unaoingiza mafuta kwenye pampu, weka mahali pake mpira unaotoka katika dumu. Mpira wa marejeo nao uelekeze dumuni. Toa hewa, washa gari. Likinguruma vizuri na likawaka tena asubuhi ya pili bila ya taabu, basi pampu na nozeli zimeshuhudiwa kuwa hazina hatia, na maradhi yako kati ya tangi na pale ulipoukata mpira. Likibaki na ugonjwa wake ule ule hali dumu liko juu na mafuta yanashuka yenyewe, hapo ndipo tunaporuhusiwa kuitazama pampu kwa jicho la shaka. Jaribio zima halichukui nusu saa.

Tulipata kulishuhudia jaribio hili likifanywa juu ya lori la tani saba lililokwisha kununuliwa pampu ya pili, ya mtumba, kutoka ng'ambo ya bahari. Lori lilikuwa limesimama muda mrefu, na hata baada ya pampu hiyo lilikuwa likizima kila lifikapo mlimani. Fundi mmoja mtu mzima, aliyekuwa amepita tu kumwamkia jamaa yake, akaomba dumu na mpira. Dereva, kijana, akamwuliza kwa adabu: "Fundi, na pampu je?" Mzee akajibu bila ya kuinua kichwa: "Pampu iache, mwanangu. Haijala; utailaumu vipi kwa kutofanya kazi?" Lori likawaka na likapanda mlima. Walipoufuata mpira chini ya chesesi walikuta mahali ulipokuwa ukisuguana na chuma cha kushikilia bomba la breki. Ufa wake haukuzidi urefu wa ukucha, na ulikuwa mkavu kabisa. Pampu ya kwanza, iliyohukumiwa kufa, ilikuwa imekwisha fumuliwa na vipande vyake kutiwa katika kopo.

Tusifanye haraka ya kudhani kwamba kila ugonjwa ni hewa. Zipo dalili nyingine, na moshi ndio msemaji mkweli kuliko wote. Stata inapozungusha injini kwa kasi inayotosha na gari lisiwake, tazama mdomo wa ekzosi. Ukiona moshi mweupe unatoka, mafuta yanafika silindani ila hayawaki. Tatizo litafutwe katika plagi za joto, katika mbano wa injini au katika majira ya pampu. Usipoona moshi wowote, mafuta hayafiki, na hakuna faida ya kuendelea kuichosha betri. Moshi mweusi ni habari nyingine kabisa: mafuta ni mengi kuliko hewa, au yananyunyizwa vibaya, na kabla ya kugusa nozeli litazamwe chujio la hewa, ambalo katika barabara zetu za vumbi la mawe huziba upesi. Na gari linalokosa nguvu mlimani bila ya kutoa moshi wowote mweusi lina njaa. Chujio la mafuta limeziba, au wavu wa bomba ndani ya tangi umejaa takataka, au kipumulio cha tangi kimeziba. Hili la mwisho hupimwa kwa mkono mmoja: fungua kifuniko cha tangi gari linapozima. Ukisikia tangi likivuta pumzi kwa sauti, na gari likawaka baada ya hapo, ugonjwa umekwisha kujulikana.

Kipo kitu kingine kidogo ambacho kimezipeleka pampu nyingi jalalani. Katika pampu za duara, zinazotumika katika magari madogo na malori mepesi, imo swichi ya umeme inayofungua mafuta ufunguo unapowashwa na kuyafunga unapozimwa. Waya wake ukikatika, au ukiota kutu ya kijani kwa hewa ya pwani, pampu nzima hunyamaza. Mtu awashe ufunguo bila ya kuzungusha stata, na mwingine aiguse swichi hiyo: yapasa isikike ikigonga mara moja. Isipogonga, itafutwe kwanza njia ya umeme. Tahadhari tu kwamba malori makubwa hutumia volti 24 na magari madogo volti 12. Anayejaribu kwa waya wa pembeni ajue kwanza yuko kwenye gari gani.

Tukija kwenye maji, tunasema wazi kwamba hili ni tatizo letu sisi watu wa visiwani kuliko la wengi. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. Tangi linalolala nusu tupu huvuta hewa hiyo, usiku hupoa, na matone hujikusanya katika kuta zake na kushuka chini, kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli. Ni kidogo kwa usiku mmoja, lakini mwaka una siku 365. Zaidi ya hayo, mafuta yanayopelekwa katika visiwa vidogo huvuka kwa mapipa na madumu, hupakiwa na kupakuliwa kwa mikono, humiminwa kwa mipira iliyolala mchangani. Pipa linalosimamishwa wima uwanjani hukusanya maji ya mvua juu ya kifuniko chake, na pipa linapopoa huyavuta ndani kupitia nyuzi za kizibo. Pipa hilo lilazwe ubavu, au lau liinamishwe kwa kipande cha ubao ili maji yasikifikie kizibo. Mafuta yatulie kwa siku nzima kabla ya kutumiwa, na yanyonywe kutoka juu. Yale ya chini yasiwekwe katika gari lolote, hata kwa shida ya namna gani.

Pale maji na dizeli yanapokutana ndani ya tangi, vijidudu huota na kufanya utando mweusi unaoteleza kama ute, na utando huo ndio unaoziba machujio mapya ndani ya wiki chache. Tumewasikia watu wakiulaumu ubora wa chujio kwa jambo ambalo asili yake ni tangi lisilosafishwa. Dawa ya kulijua si ngumu: mwaga mafuta kidogo kutoka chini ya chombo cha kutenga maji ndani ya chupa ya kioo, yaache yatulie kwa saa moja, kisha yatazame kwenye nuru. Ama kuhusu dizeli inayochanganywa na mafuta ya taa, hilo ni kosa la kisheria na lina wahusika wake, ikiwemo ZURA, lakini madereva wafahamu kwamba pampu nyingi hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayana ulaini huo. Nafasi kati ya pistoni ya pampu na kuta zake ni elfu mbili hadi nne tu za milimita. Unywele wa binadamu ni mnene mara ishirini na zaidi. Chembe ya mchanga huko ndani ni jiwe.

Baada ya kila kazi hewa itolewe, kwa utaratibu wa kufuata njia ya mafuta: kwanza skrubu ya juu ya chujio, pampu ya mkono ibonyezwe mpaka povu liishe na mafuta matupu yatoke, kisha skrubu ya pampu kubwa kama ipo, mwisho nati za mabomba kwenye nozeli zilegezwe nusu mzunguko na stata izungushwe kwa sekunde zisizozidi kumi na tano kila mara, ipumzike, izungushwe tena. Injini za namna ya zamani huweza pia kuulizwa silinda moja moja: gari likiwa linanguruma polepole, nati ya bomba moja hulegezwa, sauti ikibadilika, silinda ile ilikuwa ikifanya kazi, isipobadilika, mvivu amepatikana. Lakini mkono usiwekwe kamwe mbele ya nozeli wala mbele ya bomba linalofuka. Mafuta ya nguvu hiyo huipenya ngozi kama sindano, jeraha huonekana dogo, na mtu huweza kukatwa kidole au mkono. Mwenye kupatwa na hilo apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama hasikii maumivu.

Na magari mapya? Tangu mwaka 1995, malori ya kwanza yenye reli moja ya mafuta inayotawaliwa na kompyuta yalipotoka Japani, magari ya aina hiyo yameenea hadi kwetu. Humo nguvu ya mafuta huweza kupita baa 1,600, na kulegeza nati injini ikifanya kazi ni kujitakia maangamizi. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa sasa iko mashine ya kusoma makosa, kazi ya uchunguzi imekwisha. La hasha. Mashine husema kwamba nguvu ya mafuta katika reli ni ndogo. Haisemi kwa nini. Chujio lililoziba, mpira unaovuta hewa na pampu iliyokwisha huweza kuandika neno lile lile kwenye kioo chake. Upande wa mvuto wa magari haya hauna tofauti kubwa na ule wa lori la zamani lenye bodi ya mbao, na hasara ya kukosea ni kubwa zaidi, kwani nozeli zake huuzwa kwa bei ya ng'ombe.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa maofisa wanaotia saini maombi ya vipuri. Ombi la pampu au la nozeli lisipite bila ya karatasi ya fundi inayoeleza kwa maandishi: chujio lilibadilishwa lini, maji yalipatikana au hayakupatikana, jaribio la dumu lilileta matokeo gani, swichi ya umeme ilipimwa na nani. Kipuri cha zamani kirudishwe stoo kikiwa kizima, kisifumuliwe. Nozeli zipimwe kwa mashine ya mkono ya kupimia, ambayo si mtambo wa gharama kubwa na inafaa iwepo katika kila karakana ya Serikali, Unguja na Pemba. Vijana wetu wanaopita katika vituo vya mafunzo ya amali vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji wapewe fursa ya kuutafuta ugonjwa katika gari lililoharibiwa kwa makusudi, si kufungua na kufunga tu gari zima. Kufungua na kufunga hujifunza mtu kwa miezi. Kutafuta ndiko kunakohitaji mwalimu.

Nao ndugu zetu madereva wana sehemu yao, kwani wao ndio wanaolala na mgonjwa. Dereva anayeweza kusema kwamba gari huzima likiwa la moto na si likiwa baridi, likiwa na robo tangi na si likiwa limejaa, mlimani na si tambarare, amekwisha kufanya nusu ya kazi ya fundi. Gari linalozima kila tangi likifika robo, kwa mfano, huenda bomba lake la ndani limetoboka juu ya kiwango hicho, na hakuna pampu yoyote duniani itakayoliponya. Maneno ya namna hiyo yaandikwe katika daftari la gari siku ile ile, pamoja na kilomita zake.

Tunajua litakalosemwa: vifaa hatuna. Jaribio la dumu linahitaji dumu safi la lita tano, mpira wa mita mbili unaopitisha nuru ili mapovu yaonekane, klipu mbili na bisibisi. Vyote hivyo huuzwa Darajani na Chake Chake, na karakana inayoanza leo inaweza kuwa navyo kabla ya sala ya adhuhuri.